Tuulizane kwanza, tuandike, ndipo tujenge

Maneno yaliyosemwa mbele ya familia zilizohama makwao na viongozi wa vijiji, Lemera, tarafa ya Uvira, Kivu Kusini

Wengine mmeshuka kutoka milimani, wengine mmepanda kutoka Luvungi, Luberizi na Sange. Tunajua kwamba siku ya mkutano ni siku ambayo shamba halikulimwa.

Leo hatukuja na mradi. Tunalisema hilo mwanzoni ili mtu asirudi nyumbani akihesabu mabati kichwani. Tumekuja na jambo linalotangulia mradi: namna ya kuulizana mahitaji, na namna ya kuyaandika kwa maneno ambayo kila mmoja atayaelewa sawasawa na mwenzake. Jambo hili linaonekana dogo. Lakini tumeona miradi ikileta ugomvi mahali palipokuwa na utulivu, na tulipofuatilia chanzo, mara nyingi tulikuta swali ambalo hakuna aliyeliuliza, au jibu lililotolewa na kusahauliwa kwa sababu halikuandikwa.

Tuanze na kosa letu wenyewe

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa katika kundi lililosaidia kijiji kimoja cha milima hii kupata maji ya chemchemi. Kijiji hatutakitaja. Tulifanya mkutano mmoja, siku ya Jumapili baada ya ibada. Tukauliza: «Mnahitaji nini?» Wakajibu: «Maji.» Tukaandika katika daftari: «Wakaaji wanahitaji maji safi ya karibu.» Watu wakapiga makofi, tukaenda kutafuta saruji na mabomba.

Maji yalifika. Watoto walicheka na mama walicheza. Lakini haikupita miezi mitatu, usiku mmoja bomba likakatwa. Likatengenezwa, likakatwa tena. Ndipo tulipoanza kuuliza yale ambayo tungeyauliza tangu siku ya kwanza.

Tulikuta mambo mawili. La kwanza, bomba lilipita katika shamba la mihogo la mtu aliyekuwa amekimbilia Burundi. Shemeji yake ndiye aliyesema «piteni tu». Mwenye shamba aliporudi alikuta mtaro umechimbwa katikati ya mihogo yake, na hakuna aliyemweleza neno. La pili, chemchemi ile tuliyoikinga kwa saruji ndiyo iliyokuwa ikilisha kijito kidogo cha chini, ambako wafugaji walinywesha ng'ombe wakati wa kiangazi. Kijito kikakauka. Wafugaji hawakuwa katika mkutano wetu wa Jumapili. Hawakukataa kuja, hatukuwaita.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Watu hawakusema: «Tuna shida ya maji.» Walianza kusema: «Ni watu wa kabila fulani.» Kila upande ukawa na kisa chake cha zamani cha kuongeza. Wazee walikaa wiki nyingi kabla ya kupata suluhisho, na suluhisho lenyewe lilikuwa hili: kulipa mihogo, kujenga birika la mifugo, na kurudisha maji ya ziada kijitoni. Gharama yake haikuwa kubwa. Kama tungeliuliza mapema, ingekuwa mistari miwili katika karatasi. Tulikosa mistari hiyo miwili, nusura watu wamwage damu.

Ndiyo maana tunasema mbele yenu kwamba kuuliza na kuandika ni kazi ya amani.

Si sisi peke yetu

Kaskazini mwa Kenya, kando ya Ziwa Turkana, mahali panapoitwa Kalokol, msaada wa nchi ya Norway ulijenga kiwanda cha kugandisha samaki, ambacho kilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nia ilikuwa njema na samaki walikuwamo ziwani. Lakini kugandisha samaki katika joto la jangwa kulihitaji umeme mwingi na maji safi mengi, na gharama ikawa kubwa kuliko faida. Majokofu yalifanya kazi siku chache tu, yakazimwa. Tena Waturkana wengi ni wafugaji: mali yao ni mbuzi, ngamia na ng'ombe, na maisha yao hayakuwa yamepangwa kwa ajili ya kiwanda. Baadaye maji ya ghuba ya karibu yalipungua, na wavuvi wakakosa hata pale pa kuvulia. Jengo likabaki. Wanaofanya kazi za maendeleo wamelitolea mfano kwa miaka mingi.

Lakini tunao pia mfano mwema, tena wa hapahapa Lemera. Mwaka 1983 daktari kijana, Denis Mukwege, alikuja kufanya kazi katika hospitali ya Lemera. Fikira yake ilikuwa kuwatibu watoto. Alipofika aliwaona mama waliobebwa kutoka milimani wakiwa na majeraha ya uzazi, wengine wakiwa wamechelewa mno. Hakusema: «Mpango wangu ni watoto, hayo ya mama si yangu.» Alikwenda Ufaransa, katika mji wa Angers, kusomea uganga wa wanawake, kisha akarudi hapa.

Mnajua yaliyotokea tarehe 6 Oktoba 1996. Wagonjwa waliuawa vitandani, na wauguzi waliuawa. Wengine kati yenu mlipoteza ndugu siku ile, na tunawakumbuka kwa heshima. Mwaka 1999 daktari huyo alianzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu. Ilikusudiwa iwe mahali pa kuzalia, lakini mgonjwa wa kwanza hakuja kuzaa. Alikuwa mwanamke aliyebakwa na kuumizwa vibaya. Hospitali ikabadilisha mpango wake kulingana na watu waliofika mlangoni. Mwaka 2018 daktari huyo alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani, lakini sisi leo tunachukua fundisho moja tu: yeye aliangalia kwanza nani amekuja na ana shida gani, kisha akapanga kazi.

Nani aulizwe?

Neno «wahusika» tunalitumia kwa kila mtu ambaye mradi utamgusa: atakayefaidika, atakayepoteza kitu, atakayelipa, atakayetunza, na yule anayeweza kuuzuia. Penye wengi pana mengi. Kwa mradi wa maji, orodha yetu sasa ni hii:

1. Familia za kijiji, na familia zilizohama zinazokaa kwao au kambini.
2. Mama na wasichana wanaochota maji. Hao ndio wanaojua njia, foleni na hatari.
3. Wenye mashamba ambamo bomba litapita, hata kama wako Uvira, Bukavu, Burundi au mbali zaidi.
4. Wafugaji, wakiwamo wale wanaopita msimu mmoja tu.
5. Vijiji vya juu ya chemchemi na vijiji vya chini yake.
6. Wazee, vilema, wajane, na watoto wasio na wazazi.
7. Muuguzi wa kituo cha afya na mwalimu wa shule.
8. Chifu wa kijiji, viongozi wa uchifu wa Bafuliiru na ofisi za serikali zinazohusika na maji na ardhi.
9. Mfadhili na fundi, maana nao wana masharti yao.

Tunaomba viongozi wetu watuelewe vizuri hapa. Kumwuliza mama mjane hakuondoi heshima ya chifu. Chifu ndiye mlango wa kijiji, nasi tunapita mlangoni. Lakini aliyeingia mlangoni hupaswa pia kuwasalimu waliomo nyumbani.

Haya si mawazo ya kwetu tu. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wakimbizi wa ndani, za mwaka 1998, zinasema katika kanuni ya 18 kwamba zifanyike juhudi za pekee ili wanawake washiriki kikamilifu katika kupanga na kugawa misaada ya lazima. Kanuni ya 28 inasema kwamba waliohama washiriki kikamilifu katika kupanga na kuendesha kurudi kwao au kuhamia kwao mahali pengine. Ndugu mliohama, mtu akiwaambia kwamba nyinyi ni wageni na hamna neno katika mradi, kanuni hizo zinawapa neno.

Tuulize namna gani?

Mkutano mmoja mkubwa hautoshi. Mbele ya watu mia mbili, kijana hatampinga mzee, na mke hatampinga mume. Kwa hiyo tunakaa na makundi madogo: mama peke yao, vijana peke yao, wafugaji peke yao, waliohama peke yao. Kisha tunatembea. Tunafuata njia ya maji na wale wanaoichota, saa ileile wanayoichota. Tukifanya hivyo alfajiri moja, tunajifunza zaidi kuliko katika mikutano mitatu.

Lugha nayo ni muhimu. Mama mzee anayesema Kifuliiru, mfugaji anayesema Kinyamulenge, na mtu wa uwandani anayesema Kirundi, kila mmoja aulizwe kwa lugha yake. Kiswahili kinatuunganisha, lakini mtu hulia kwa lugha ya mama yake.

Tena tutenganishe ombi na hitaji. Watu wakituambia: «Tunataka robine mbele ya kanisa,» hilo ni ombi. Tuulize: «Kwa sababu gani?» Labda jibu litakuwa: «Kwa sababu wasichana wetu wanashambuliwa njiani kwenda mtoni.» Sasa tumefikia hitaji: wasichana wapate maji bila kupita njia ile. Labda robine mbele ya kanisa itatosha. Labda inatakiwa robine mbili upande mwingine. Fundi hawezi kuchagua vizuri kama amesikia ombi tu.

Maswali matano yanatusaidia kila mahali:

• Sasa mnafanyaje? Nani, saa ngapi, umbali gani?
• Nini kinaumiza zaidi katika hali hiyo?
• Mkipata msaada, mtajuaje kwamba hali imebadilika?
• Nani anaweza kuumia kwa sababu ya msaada huo?
• Nani hayupo hapa ambaye tunapaswa kumwuliza?

Swali la mwisho ndilo tulilolikosa katika kile kijiji chetu.

Kuandika kwa maneno ambayo hayana njia mbili

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hitaji nalo ni hivyohivyo. Lakini kuna kuandika na kuandika. Jihadharini na maneno haya: «ya kutosha», «karibu», «haraka», «bora», «kwa wote». Kila mtu huyasikia anavyotaka. Kwa kijana, «karibu» ni nusu saa ya kutembea. Kwa mama mjamzito mwenye bidoni kichwani, «karibu» ni kitu kingine.

Basi kila hitaji liandikwe katika sentensi moja yenye mambo matano: nani, nini, kiasi gani, wapi au lini, na tutajuaje. Tuchukue maji. Vipimo vya Sphere, ambavyo mashirika mengi ya msaada huvifuata, vinataka angalau lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, robine isiwe mbali zaidi ya mita 500 kutoka nyumbani, watu wasizidi 250 kwa robine moja, na kungoja kwenye foleni kusizidi dakika 30.

Sasa tuhesabu pamoja. Familia ya watu 7 inahitaji lita 105, yaani bidoni tano za lita 20 na lita tano juu yake. Kijiji cha watu 1,000, wenyeji pamoja na waliohama, kinahitaji lita 15,000 kwa siku na robine zisizopungua nne.

Je, chemchemi inaweza? Hapo hatuhitaji mashine. Tunahitaji bidoni ya lita 20 na saa. Kama bidoni inajaa kwa sekunde 100, chemchemi inatoa lita 17,280 kwa siku na usiku. Inatosha, mradi kuwe na tangi la kuweka maji yanayotoka usiku watu wakiwa wamelala. Lakini ulipima lini? Ukipima mwezi wa Aprili mvua ikinyesha, labda bidoni itajaa kwa sekunde 40, na utadhani una lita 43,200. Rudi mwezi wa Septemba, mwisho wa kiangazi. Kama sasa inajaa kwa sekunde 150, una lita 11,520 tu. Hizo zinawatosha watu 768, na wengine 232 watabaki na bidoni tupu. Hao 232 watakuwa nani? Mara nyingi ni wale waliofika mwisho, yaani waliohama. Ugomvi ule ulikuwa tayari katika hesabu kabla saruji haijakorogwa.

Tusipuuze hesabu hizi. Mji wa Uvira umeteswa na kipindupindu kwa miaka mingi, na sisi sote tunajua maana ya kunywa maji ya mto.

Mahitaji yakigongana

Hakuna kijiji ambamo mahitaji yote yanapatana. Mkulima anataka maji yote yashuke shambani, mfugaji anataka birika, shule inataka robine, na pesa hazitoshi. Tunatumia mafungu matatu. Fungu la kwanza: yasipokuwapo, mradi usianze. Fungu la pili: yanafaa sana, yafanywe kama pesa zinaruhusu. Fungu la tatu: yangoje wakati mwingine.

Kitu kinachoweza kuleta damu kiwe katika fungu la kwanza, hata kama ni kidogo na hata kama waliokisema ni wachache. Birika la ng'ombe linaweza kuwa hitaji la familia ishirini tu. Lakini likikosekana, kijiji kizima kitakosa usingizi.

Kila kundi liyasikie mahitaji ya kundi lingine, tena kutoka kinywani mwa wenyewe. Tumeona mkulima akinyamaza aliposikia mfugaji akieleza ndama wake walivyokufa kwa kiu. Hawakuwa marafiki siku ile. Lakini walianza kuzungumza juu ya maji, wakaacha kuzungumza juu ya babu zao.

Tena tuandike yale ambayo mradi hautafanya. Andikeni: «Mradi huu haujengi vyoo. Mradi huu haulipi mishahara ya walinzi.» Watu watanung'unika siku moja. Usipoandika, watanung'unika miaka mitano, na watasema kiongozi amekula pesa.

Karatasi inaweza kuua

Hapa tunaomba masikio yenu yote. Katika nchi yetu, orodha ya majina si kitu cha kuchezea. Karatasi inayosema nani amehama, anatoka kijiji gani, ni wa kabila gani na analala wapi, ikianguka katika mikono mibaya, inaweza kumtafutia mtu kifo. Watu wamekimbia hapa 1996, wamekimbia tena katika vita vilivyofuata. Mwaka 2025 vita vilishuka katika uwanda wa Ruzizi, na mwezi wa Desemba vikafika Uvira, na watu makumi ya maelfu wakavuka kwenda Burundi. Wakati kama huo, madaftari hubaki mezani, na hatujui nani atayafungua.

Kwa hiyo: katika karatasi ya mahitaji tunaandika makundi na hesabu, hatuandiki majina. «Familia 60 zilizohama, nyumba 14 za wajane.» Inatosha. Kabila lisiandikwe kama mradi hauna haja nalo. Kama jina linatakiwa, kwa mfano la mwenye shamba atakayelipwa, liwekwe katika karatasi ya pekee, litunzwe na watu wawili, na mwenyewe akubali. Na mtu akitueleza habari ya kubakwa au ya kutishwa, hiyo haiingii katika daftari la mradi kamwe. Tunampeleka kwa muuguzi au kwa mtu anayemwamini.

Na mtu yeyote asilazimishwe kujibu. Kunyamaza kwake pia ni jibu.

Kusoma tena, kutia sahihi, kubadilisha

Karatasi ikikamilika, isomwe kwa sauti mbele ya watu wote, polepole, kwa lugha zao. Kila kundi liulizwe: «Je, ndivyo mlivyosema?» Wakisema hapana, tunafuta na kuandika upya. Wengi hawakupata nafasi ya kusoma shuleni, na kumwambia mtu wa namna hiyo «soma ubandiko ukutani» ni kumfukuza kwa adabu.

Kisha sahihi au alama ya kidole ya mwakilishi wa kila kundi. Nakala zisikae mahali pamoja: moja kwa chifu, moja kwa waliohama, moja kwa mama, moja kwa fundi, moja kwa mfadhili.

Mahitaji hubadilika. Familia mia zikifika usiku mmoja, hesabu ya jana imekufa. Basi karatasi iseme tangu mwanzo: nani anaweza kuomba mabadiliko, anamwambia nani, na jibu litatolewa kwa siku ngapi. Badiliko lisikubaliwe mdomoni njiani. Liandikwe chini ya karatasi ileile, lisomwe kwa watu, ndipo fundi alifuate.

Mfano wa karatasi

Tunawasomea mfano mfupi ili mwone kwamba si kazi ya watu wa chuo kikuu peke yao.

«Moja. Mwezi wa Septemba, kila mtu anayekaa hapa, mwenyeji na aliyehama, apate angalau lita 15 za maji safi kwa siku. Tutajua kwa kupima robine kila mwezi kwa bidoni na saa.

Mbili. Nyumba yoyote isiwe mbali na robine zaidi ya mita 500. Tutajua kwa kupima kwa kamba, mama wawili na kijana mmoja wakishuhudia.

Tatu. Robine moja iwe na njia isiyo na ngazi, kwa wazee na vilema.

Nne. Maji ya ziada yapite katika birika la mifugo na kurudi kijitoni, mchana na usiku. Fungu la kwanza: lisipokuwapo, mradi usianze.

Tano. Mtaro usichimbwe katika shamba lolote kabla mwenye shamba mwenyewe hajakubali na kulipwa mazao yake. Akiwa mbali, apigiwe simu mbele ya mashahidi wawili, mmoja wa jamaa yake na mmoja asiye wa jamaa yake.

Sita. Kila familia itatoa mchango wa matengenezo kila mwezi. Kiasi kimepangwa na mkutano. Wajane na wale waliofika miezi mitatu iliyopita hawatoi.

Saba. Mradi huu haujengi vyoo.»

Mistari saba. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuisoma.

Msitegemee karatasi peke yake

Hatutaki kuwadanganya. Tangu mwaka 2007, katika mikoa ya mashariki ya nchi yetu, Kivu Kusini ikiwamo, ulifanyika mradi mkubwa uliojulikana kwa jina la Tuungane, ukiendeshwa na shirika la IRC pamoja na CARE kwa pesa za Uingereza. Vijiji vilichagua kamati zao na kujichagulia kazi za kufanya. Watafiti waliufuatilia, na taarifa yao ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba majengo yalijengwa, lakini haikupatikana dalili ya kutosha kwamba watu wamebadilika katika kuaminiana au katika namna ya kuongozwa.

Tunachukua funzo gani? Kamati na karatasi hazileti amani kwa kuwapo tu. Karatasi ikifungwa sandukuni siku ya sherehe, imekufa. Ikifunguliwa kila mwezi, watu wakaulizana: «Mstari wa nne, birika lina maji?», basi wafugaji na wakulima watakuwa wanakutana kila mwezi, na siku ya shida watakuwa na mazoea ya kukutana.

Mtakaporudi nyumbani

Tunawaomba mambo matatu. Viongozi wetu: mfadhili akija na karatasi iliyokwisha kuandikwa, mwambieni kwa heshima kwamba mnahitaji siku chache za kuulizana. Mfadhili mwema atangoja. Mama zetu na ndugu mliohama: mkiitwa katika mkutano, ombeni kusomewa kilichoandikwa kabla hamjatoka. Kuuliza si ujinga. Vijana mliosoma: jitoleeni kuwa waandishi wa kijiji, na muandike yale watu wanayosema, si yale mnayodhani mfadhili anapenda kusikia.

Na sote, kabla ya kuweka jiwe la kwanza, tutazame viti vilivyo wazi na kuuliza: nani hayupo hapa? Katika nchi iliyokimbiwa mara nyingi kama hii, siku zote kuna asiyekuwapo. Shamba lake lipo. Mihogo yake ipo. Atarudi siku moja, na tunataka atukute tukiwa na maelezo ya kumpa na maji ya kumkaribisha.

Amani iwe katika nyumba zenu, zile mlizoziacha na zile mlizofikia.